Mguu umepona, mama hataki kutembea

Shangazi shikamoo,

Naandika usiku huu maana mchana sipati hata dakika moja, na najua nitalia nikiandika ila afadhali nilie huku natoa yaliyo moyoni. Mama yangu ana miaka 76. Miezi 4 iliyopita aliamka usiku kwenda chooni akateleza akaanguka, akavunjika nyonga, akalala pale chini mpaka alfajiri nilipoamka ndo nikamkuta, chumba changu kiko mbali na chake sikusikia kitu. Tukamkimbiza hospitali akafanyiwa opareshini akawekewa vyuma, na kwa kweli opareshini ilienda vizuri, hapo sina lawama na mtu.

Shida imeanza aliporudi nyumbani. Mtu wa fizio anakuja mara 2 kwa wiki, anamnyoosha mguu, anamwambia simama mama, hesabu hadi 10, mama anafanya mara 2 anasema amechoka anarudi kulala. Akiondoka huyo basi, mguu haugusi chini mpaka arudi tena. Daktari juzi kaangalia eksirei kasema mfupa umeunga safi, "anaweza kutembea, ni yeye tu hataki". Kaka yangu ndo anatoa hela za matibabu na yeye akasikia hilo neno basi imekuwa wimbo, kila akipiga simu ni "mama anadeka, nyie mnamlea". Na mimi sikatai, labda kweli namlea, kila kitu namfanyia mimi, namwogesha, namvalisha, namlisha, hata nywele nachana mimi, maana nikimwachia afanye mwenyewe tunatumia saa nzima na mimi nina mambo mengine. Bado anavaa pampasi, alivalishwa hospitali tukaendelea nayo, ingawa mwenyewe anajua vizuri mkojo ukimbana. Maji hataki kunywa, nagombana naye kila siku kuhusu maji.

Baba alifariki miaka 2 iliyopita. Zamani mama alikuwa mtu wa maneno mengi, fundi cherehani, miaka zaidi ya 40 ameshonea watu nguo na sisi sote ametusomesha kwa cherehani ile. Sasa hivi haongei. Tulipopanga upya chumba chake ili kitanda kikubwa kiingie na kiti cha choo kipate nafasi tukaitoa cherehani tukaiweka stoo, hata hakuuliza. Kutwa nzima anashika pindo la shuka analipitisha kwenye vidole, anakunja anakunjua, mdogo wangu anasema labda akili imeanza kuhama. Wiki iliyopita nikamuuliza mama unafanya nini, akasema "hili pindo limeshonwa na mtu mwenye haraka", akanyamaza, na ndo sentensi ndefu kuliko zote alizosema wiki ile.

Mimi mgongo umeisha, kazi niliacha, silali. Juzi nilimfokea na aliniangalia tu hakujibu, sijajisamehe mpaka leo. Shangazi nifanyeje mama atembee?

Binti wa kwanza

---

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya mgongo, pole ya usingizi, na pole ya kile kilio unachokibana mchana kutwa. Kuhusu kumfokea, mtu aliyeamka usiku miezi 4 mfululizo akichoka anafoka, nenda ukamwambie "mama nisamehe juzi nilichoka" na yaishe hapo, mama yako ni mtu mzima anaelewa kuchoka ni nini.

Barua yako nimeisoma mara 3 na kila mara nakwama sehemu ileile. Si kwenye nyonga. Nakwama pale mlipoitoa cherehani mkaiweka stoo na hakuuliza. Mwanangu, mtu aliyeishi na chombo kimoja miaka zaidi ya 40, kimemlishia watoto, kinatolewa chumbani kwake mbele ya macho yake na yeye hasemi neno, huyo hajadeka. Huyo ameshaambiwa, bila mtu yeyote kufungua mdomo, kwamba ile kazi imeisha na yeye sasa ni mtu wa kitanda na kiti cha choo. Najua hamkukusudia, mlikuwa mnatafuta nafasi, ila ndivyo kitu kile kinavyosema.

Sasa unaniuliza mama atatembea vipi, na mimi nakuuliza kwanza, atembee aende wapi? Chooni amevalishwa pampasi. Mezani analetewa chakula kitandani. Bafuni anabebwa. Kwenye cherehani hakuna cherehani. Mtu wa fizio anamwambia simama uhesabu 10, anasimama, anahesabu, halafu? Hakuna binadamu anayetembea kwa ajili ya mguu, tunatembea kwa sababu kuna kitu upande wa pili tunakitaka. Hospitali wameutibu mfupa na wameutibu vizuri, na huyo mtu wa fizio anaushughulikia msuli na yuko sahihi, ila huyu mama mwenyewe, mjane, fundi, mtu wa maneno mengi, tangu ile asubuhi hakuna aliyemshughulikia. Wataalamu wa utengamao, wale wanaomsaidia mtu kurudisha uwezo wake baada ya kuumia au kuugua, wanajua hili siku nyingi, tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo unaosema ukitaka kumwelewa mtu aliyepungukiwa uwezo usiishie kwenye kiungo kilichoumia, angalia pia anafanya nini kwa siku, anashiriki nini na wenzake, na mazingira yake yanambeba au yanamzuia. Ukimpima mama kwa mizani hiyo, mguu ni robo tu ya habari.

Halafu kuna ule usiku. Umeuandika kwa nusu sentensi, "akalala pale chini mpaka alfajiri", ukapita. Mimi siwezi kupita. Masaa yote yale gizani, sakafu ya baridi, mguu umevunjika, anaita hasikiki, huenda alijikojolea, huenda alidhani ndo anakufa hapohapo. Kuna mtu amewahi kukaa naye akamuuliza ule usiku ulikuwaje? Nina hakika hamjamuuliza, watu wengi hatuulizi, tunaona tutamkumbusha machungu, wakati yeye anayakumbuka kila anaposhusha mguu chini. Hofu ya kuanguka tena ni tatizo linalojitegemea kabisa kwa wazee, wengine inawafunga kuliko kuvunjika kwenyewe, na huwa hawasemi "naogopa", wanasema "nimechoka". Kaa naye siku moja jioni, usimwangalie usoni sana, shika kazi yoyote mkononi, muulize, halafu nyamaza hata kama kimya kitakuwa kirefu. Na ukishamsikiliza fanya vitu 2 vya kumwondolea hofu kwa vitendo. Mwekee kengele au simu karibu na mkono usiku na ulale chumba ambacho utaisikia, na taa ndogo iwake kutoka kitandani mpaka chooni. Cha pili mwombe yule mtu wa fizio, mfupa ukiruhusu, amfundishe namna ya kuinuka kutoka sakafuni, kuna hatua zake, kugeuka ubavu, kupiga magoti, kushika kiti kizito. Kama magoti hayamruhusu, afundishwe namna ya kujisogeza mpaka ilipo kengele. Mzee anayejua cha kufanya akianguka anathubutu kusimama.

Mwili nao tusiusahau, kumwangalia mtu mzima mzima hakumaanishi tuache dawa tuongelee hisia tu. Chukua dawa zake zote, za presha, za usingizi kama anapewa, za maumivu, hata zile ulizonunua mwenyewe, weka kwenye mfuko mmoja umpelekee daktari azikague moja moja. Dawa za usingizi zinawaangusha wazee sana. Mwombe ampime presha akiwa amelala halafu akishasimama, maana ikishuka sana anaposimama kichwa kinazunguka na hapo hata mimi ningekataa kusimama. Muulize kuhusu mifupa yenyewe pia, mtu akianguka tu kutoka kusimama akavunjika nyonga mara nyingi ni dalili ya mifupa kudhoofika na kuna matibabu yake, wengi wanatengenezewa pale palipovunjika wanarudishwa nyumbani bila hilo kuguswa. Kama ana maumivu, dawa ya maumivu anywe muda kidogo kabla fizio hajafika, kwa maelekezo ya daktari, siyo baada. Macho yapimwe. Viatu, avae vilivyofungwa nyuma visivyoteleza, ndala aziache. Na kuna aina za opareshini ya nyonga ambazo mgonjwa hatakiwi kukaa kiti cha chini sana au kuinama sana, muulize daktari kama ya mama ni mojawapo kabla hamjaanza haya nitakayokwambia.

Kingine ambacho ningependa kaka yako akisome. Mzee akilala misuli inayeyuka. Wazee wazima kabisa wasio na ugonjwa waliwahi kulazwa kitandani siku 10 tu kwa ajili ya utafiti, uliotolewa mwaka 2007, wakapoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Siku 10! Mama ana miezi 4. Kwa hiyo akisema amechoka baada ya kusimama mara 2 anasema ukweli, huo uchovu upo kwenye nyama ya mguu haupo kwenye tabia, na unatoka kwa chakula chenye protini ya kutosha kila mlo na kusimama mara nyingi kidogo kidogo kila siku. Mara 2 kwa wiki haitoshi mwanangu, mtu wa fizio ni wa kuonyesha njia, kazi inafanyika siku ambazo hayupo.

Pampasi. Hapa nitasema wazi na usikasirike. Mtu anayejua mkojo umembana akaambiwa "fanya humohumo" anavuliwa utu wake taratibu kila siku, na ndo maana hanywi maji, hujaona? Anajikausha ili asibadilishwe. Halafu ukosefu wa maji unaleta choo kigumu, unaleta maambukizi ya mkojo, unaleta kizunguzungu, na vyote hivyo vinamrudisha kitandani. Anza mchana tu, kila baada ya masaa 2 muulize na umsaidie kwenda, au kwenye kile kiti cha choo kwanza kikiwa hatua chache kutoka kitandani na wewe ukiwa upande wake ulio dhaifu. Usiku abaki nayo kwa sasa mpaka mjiamini. Chooni waweke vyuma vya kushikilia ukutani. Utaona ugomvi wa maji unaisha wenyewe.

Na mikono yake, mwanangu, mikono haikuvunjika. Kwa nini unamchana nywele? Najua jibu, ni haraka. Mwaka 1976 kule Marekani watafiti 2, Ellen Langer na Judith Rodin, walienda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ghorofa moja wazee wakaambiwa hapa mna maamuzi yenu wenyewe, na kila mmoja akachagua mmea wake autunze mwenyewe. Ghorofa nyingine nao wakapewa mimea ila wakaambiwa manesi watawatunzia. Baada ya wiki 3 wale wenye mimea na maamuzi yao walikuwa wachangamfu zaidi, wanajishughulisha zaidi, hata manesi waliliona hilo. Upendo wa manesi haukuwa na kasoro, kasoro ilikuwa kufanyiwa kila kitu. Kwa hiyo chagua vitu 2 tu kwa wiki hii, sio vyote utapasuka, labda kunawa uso na kula mwenyewe, mwachie, na hiyo saa inayopotea ihesabu kuwa ndo mazoezi yenyewe, maana ndiyo. Asubuhi muulize atavaa ipi. Yeye ndo fundi humo ndani halafu nguo anachaguliwa!

Kuhusu akili kuhama. Nisikilize vizuri hapa kwa sababu kuna mambo 2 tofauti. Kama kuna siku utaona amebadilika ghafla, ndani ya masaa au siku chache, haelewi yuko wapi, anaona vitu visivyokuwepo, mara amezubaa mara anahangaika kunyofoanyofoa shuka bila kukujibu, usingoje, mpeleke hospitali, mara nyingi kuna maambukizi au maji yamepungua au dawa imemkataa. Ila ulichoniandikia wewe ni kingine. Umemuuliza na amekujibu, na jibu lake limenyooka, pindo limeshonwa na mtu mwenye haraka. Hebu nenda sasa hivi ukalishike hilo pindo, lipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada kama anavyofanya yeye, polepole, naamini utakuta mahali mshono umeruka au umekwenda upande. Huyo anakagua kazi. Miezi 4 yule fundi yuko kazini mnamwona kila siku na hamkumtambua.

Ila huzuni anayo, hilo sina shaka sana, kanyamaza, chakula anatiliwa mdomoni, mume kaondoka miaka 2 tu, na huzuni ya namna hii kwa mzee sio "uzee tu", inatibika. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, haongei, hataki kitu, na muulize mama mwenyewe analalaje na kama huwa anatamani asiamke. Swali hilo halimpi mtu wazo, linampa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake na umtafute daktari siku hiyohiyo.

Kaka yako simjibu kwa ukali, anayetuma hela kutoka mbali anaona namba tu, siku na eksirei. Mpigie simu ya video wakati mama anajaribu kusimama, aone ule mkono unavyotetemeka kwenye fremu ya kutembelea, hatalitamka tena neno "anadeka". Halafu mwombe kitu kimoja maalum zaidi ya hela, kila wiki kuna siku yake moja ya kuongea na mama nusu saa, na asiulize umefanya mazoezi. Aulize ule mshono wa kola unaanzia wapi, aulize nguo ya kwanza kuuza ilikuwa ya nani. Mdogo wako naye achukue usiku 2 kwa wiki, hili usiliombe, lipangeni. Mgongo wako ukikatika mama atakuwa na wagonjwa 2 ndani ya nyumba, na yeye ni mama, atajilaumu. Mtu wa fizio akija akufundishe na wewe kumwinua bila kuumia, dakika 10 tu zinatosha.

Kulikuwa na daktari mwanamke aliyeitwa Marjory Warren, mwaka 1935 huko London alikabidhiwa wodi zilizojaa wagonjwa zaidi ya 700, wengi wazee, walioonekana hawatibiki, wamelala tu, wengine miaka. Hakuna aliyekuwa amewachunguza. Yeye akapita kwa mmoja mmoja, huyu anaweza nini, anahitaji nini, akaleta taa nzuri, akabadilisha rangi za kuta, akawainua vitandani, na wengi wakatembea na baadhi wakarudi makwao. Dawa zenyewe za wakati ule zilikuwa chache mno. Namkumbuka kila nikisikia "ni yeye tu hataki", kwa sababu nahisi na wale waliambiwa hivyohivyo.

Sasa cherehani. Usiifanye iwe zawadi ya kushtukiza na usimlazimishe. Mwambie tu, mama tulikosea kuitoa cherehani yako bila kukuuliza, tunairudisha, unataka ikae wapi. Akisema "iacheni" irudisheni hivyohivyo. Ila isikae ubavuni mwa kitanda, ikae upande wa dirishani kwenye mwanga, hatua 6 au 7, ifutwe vumbi, itiwe mafuta. Kiti chenye mikono na urefu ambao daktari ameridhia. Kama ni ya pedali mwulizeni mtu wa fizio kabla hajaanza kukanyaga, kama si tatizo basi kifundo cha mguu kimepata kazi nzuri kuliko ile ya kuhesabu 10. Na weka meza imara ya kukatia kitambaa, kwa maana fundi hukata akiwa amesimama, hilo yeye halihitaji kuambiwa. Mweleze mtu wa fizio mpango wote huu, mzuri atafurahi, atakwambia asimame mezani dakika ngapi na uzito aweke wapi.

Siku ya kwanza pengine atakaa tu aiangalie. Ya pili pia. Usimwambie "haya mama shona". Wewe vua lile shuka lenye pindo baya, lifue, likikauka liweke juu ya cherehani, kule dirishani, pamoja na mkasi wake na uzi wa rangi ileile, halafu nenda kaendelee na kazi zako ila uwe karibu kiasi cha kusikia fremu ikigonga sakafu.

Wako,
Shangazi